Mzee Kioo na Gari la Daktari wa Ng'ombe

Fundi rangi asiyejisifu bado hajafuzu. Mzee Kioo alifuzu miaka arobaini iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Jina lenyewe alipewa na mteja aliyekuja kuchukua gari lake, akainama mlangoni na kujiona uso mzima, mpaka kidevu alichokinyoa vibaya asubuhi hiyo. Mteja akasema hili si bati tena, hiki ni kioo. Jina likaganda, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho, linatoka siku za kupiga kura tu.

Siri ya kazi yake haikuwa rangi wala bunduki ya kupulizia. Ilikuwa kiganja. Kabla ya kupaka alifumba macho, akapitisha mkono wa kulia juu ya bati polepole, kama mama anayepima homa ya mtoto, na pale ambapo wenzake waliona pamenyooka yeye alikuta bonde. Mafundi walizoea kumjaribu. Walilaza unywele mmoja juu ya boneti, wakapuliza praima, rangi ya msingi, juu yake, wakamwita aje aguse. Aliukuta kila mara, akawatukana kidogo kwa kumpotezea muda, kisha akakaa kutwa nzima akiwasimulia wapita njia.

Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka alipoanza kufanya kazi macho yakiwa yamefumbwa kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mzee Kioo alikuwa haoni. Au tuseme aliona kidogo, kama mtu anayechungulia chumba kupitia tundu la ufunguo. Akimtazama mtu usoni aliona pua. Akitaka na masikio ilibidi ageuze kichwa. Kivulini hata ile pua ilipotea. Daktari wa macho alimwambia miaka miwili nyuma kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kufa hakifufuki, na kwamba matone aliyompa ni ya kulinda masalio. Hospitali alikwenda peke yake, nyumbani akiaga kwamba anakwenda kumpa pole rafiki. Matone alijitia bafuni, mlango umekomewa, na chupa aliificha ndani ya soksi. Mficha maradhi kilio humuumbua, hilo alilijua tangu utotoni, lakini alikuwa na sababu yake.

Tangu mke wake afariki alikuwa akiishi kwa binti yake. Mume wa binti, fundi injini ambaye watu walimwita Taratibu kwa sababu hakuna neno alilolitumia zaidi ya hilo, ndiye aliyekuwa mwenye gereji. Kila asubuhi mtu na mkwewe walitoka pamoja, jioni wakarudi pamoja wakinuka thina na grisi, na mezani Mzee Kioo alikuwa na la kusema. Sasa, alikuwa na rafiki yake wa siku nyingi, fundi bodi, ambaye miguu ilimkatalia. Siku alipokwenda kumtazama alimkuta barazani kwenye kiti, blanketi magotini na jua linawaka, na kila aliyepita, hadi mtoto wa jirani, alimuuliza swali lilelile, babu umekula? Naye babu alijibu ndiyo, kila mara kwa sauti ileile. Mzee Kioo alirudi nyumbani na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo hata alipofikiria kufa. Siku wakijua haoni, gereji imekwisha, na yeye atatafutiwa kiti.

Basi akajificha, na alijificha kifundi. Zilikuwa hatua kumi na nne kutoka langoni hadi kwenye kompresa, na tisa kutoka kompresa hadi kabatini. Makopo aliyapanga mwenyewe, na ole wake aliyeyasogeza. Jina la rangi lilipotakiwa kusomwa kwenye kopo, miwani ilikuwa imesahaulika nyumbani. Iliposahaulika mara nyingi mno, akasema imevunjika. Kilichomsaidia kuliko vyote kilikuwa adabu ya mkwe wake. Taratibu alilelewa kwamba baba wa mkeo humkodolei macho. Miaka kumi na moja alikuwa akiongea naye huku akitazama chini au pembeni, na mtu asiyekutazama machoni atajuaje kama yanaona.

Ndipo likaja gari la daktari wa ng'ombe. Lilikuwa pikapu nyeupe, kongwe, inayojua njia ya kila zizi. Injini ilifia barabarani: chuma cha ndani kiitwacho konrodi kilivunjika kikatoboa bloku ya injini, mafuta yakamwagika chini kama damu ya ng'ombe aliyechinjwa. Daktari akatafuta injini nyingine, iliyotumika lakini nzima, na Taratibu akaitoa ile mbovu kwa mnyororo wa kunyanyulia. Likabaki shimo tupu, nyaya zinaning'inia, mipira imekatwa, na matope ya miaka kumi na mitano yaliyochanganyika na oili yamegeuka lami. Daktari alichungulia, akasema wekeni injini hivyohivyo, ng'ombe hawafungui boneti.

Mzee Kioo alichukia kana kwamba ametukanwa yeye. Akasema mtu humvishi suti mpya kabla hajaoga. Akasema kwenye kona ya betri tindikali imekula bati, harufu yake anaisikia, na injini ikishaingia hakuna mkono utakaofika huko tena. Akaomba siku nne za kusafisha na kupaka. Daktari akamtazama Taratibu, Taratibu akatazama chini, akasema baba akisema siku nne ni siku nne.

Zilikuwa siku nzuri, na ni haki zisemwe hivyo. Ndani ya shimo la injini kila kitu kilikuwa umbali wa mkono. Hapakuwa na hatua za kuhesabu wala mtu wa kumsalimia kwa kubahatisha sauti, kwa kuwa aliyeingiza kichwa ndani ya gari hategemewi kumtazama yeyote. Siku ya kwanza alizifunga nyaya kwa mifuko ya plastiki na kuziegesha pembeni, akapaka dizeli kwa brashi kila pembe, akakwangua kwa bisibisi bapa, kisha akaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu, mpaka maji yaliyotiririka chini ya gari yakawa safi. Hilo la maji aliuliza kijanja, akasema mnaona maji hayo? Wakasema tunaona, mzee, meupe. Siku ya pili alianza kutu.

Hapa pana jambo la kueleza. Kila gari lina namba ya chesi, herufi na tarakimu zilizogongwa kiwandani juu ya bati lenyewe. Injini hubadilishwa, rangi hubadilishwa, vibao vya namba hung'olewa vikawekwa vingine, lakini namba ya chesi haiguswi, maana ndiyo inayosema hili gari ni lipi. Katika pikapu ya Daktari iligongwa kwenye ukuta wa bati ulio nyuma ya injini, ule unaoitenga na miguu ya dereva. Fundi rangi yeyote anajua kwamba kabla ya kushika mashine ya kusaga unaitafuta namba hiyo, unaipaka grisi, unaiziba kwa karatasi ya gundi, ndipo unaanza kazi.

Mzee Kioo aliitafuta. Katika magari ya aina hiyo aliyoyapaka zamani, na alipaka mengi, namba ilikaa upande wa kulia. Akapeleka vidole kulia, vikakuta kibati kilichopigwa ribiti pembe zote, na juu yake maandishi yaliyovimba. Akakiziba vizuri, safu mbili. Kilikuwa kibati cha kueleza uzito wa gari na rangi yake, si kingine. Namba yenyewe, katika toleo hili, ilikuwa imegongwa katikati.

Wakati anakata karatasi ya gundi kwa meno, Taratibu alipita na kopo la bolti, akasimama.

"Baba, namba tumeshaiziba?"

"Leo unanifundisha kazi, mwanangu?"

"Hapana, baba. Samahani."

Akaenda zake. Angeweza kuinama na kutazama. Kungemchukua muda wa kupiga chafya. Lakini kuinama baada ya jibu lile kungekuwa kumwambia baba mkwe wake kwamba ni mwongo, na hilo Taratibu asingelifanya hata gari lingekuwa linaungua.

Nusu saa baadaye kiganja kilifika katikati ya ukuta na kukuta vishimo. Vilikuwa vidogo, vya kina, vyenye kingo kali. Mzee Kioo alivipitia mara mbili. Tindikali, akajisemea, imetiririka kutoka kwenye betri ikala bati tone kwa tone. Alifurahi kuvipata, maana hakuna jicho ambalo lingeviona chini ya rangi iliyochakaa namna ile. Akawasha mashine. Alisaga kwa uangalifu, akizima na kugusa, akiwasha tena, mpaka bati likawa laini na jembamba, na palipobaki bonde akajaza puti ya kusawazisha. Wahenga wana methali yao juu ya mtu anayezidisha kujisafisha, lakini haisemeki penye wakwe.

Siku ya tatu alisugua puti kwa msasa wa maji na kupuliza praima. Siku ya nne alipuliza rangi nyeupe, tabaka tatu nyembamba, akisubiri kila moja ikauke huku amekaa juu ya ndoo na kupiga mluzi. Mafundi walipokuja kutazama, fundi umeme akavua viatu vyake vichafu akasema anaogopa kusogea. Taratibu, ambaye sifa zilimtoka kwa kuvutwa, alisema mtu anaweza kulia chakula humo ndani. Mzee Kioo akajibu kwamba hiyo ni kazi ya mkono mmoja tu, huo mwingine ulikuwa unapumzika.

Injini ilishushwa ikiwa imefungwa matambara, mtu mmoja kila kona isije ikakwaruza, na ilipopigwa swichi iliwaka mara ya pili. Daktari aliifunga boneti na kuifungua mara nne, akicheka peke yake. Kilichobaki kilikuwa ukaguzi, kwa sababu gari likibadilishwa injini ni lazima namba ya injini mpya iandikwe kwenye kadi. Daktari akasema Mzee Kioo hana budi kwenda nao, akaone watu watakavyoshangaa. Mzee akavaa shati la kutokea.

Kwenye uwanja wa ukaguzi walipanga foleni juani hadi karibu na adhuhuri. Mkaguzi alikuwa mwanamke. Mzee Kioo alimtambua kwa sauti yake ya upole na kwa kalamu aliyokuwa akiigongagonga kwenye ubao wa karatasi. Alifungua boneti, akasema, ehe, hapa pamepakwa. Mzee Kioo akanyoosha mgongo. Mkaguzi akasoma namba ya injini kwa sauti, tarakimu moja moja, akaiandika. Kisha kalamu ikaacha kugonga. Akauliza namba ya chesi iko wapi, Taratibu akasema ipo hapo katikati, akainama kumwonyesha, akakuta rangi tupu.

Mzee Kioo alisikia tochi ikiwashwa. Alisikia ukucha ukikwangua rangi, halafu kisu, halafu vipande vidogo vikidondoka juu ya injini. Sauti ya puti aliijua. Akaelewa yote kwa mpigo mmoja: vile vishimo vyenye kingo kali vilikuwa vimepangwa mstari, vyote kina kimoja, na tindikali haijui kupanga mstari. Akaushika mlango wa gari.

Mkaguzi alisema umebaki mkia wa tarakimu moja, huenda ni tisa, huenda ni tatu, na mkia haumsaidii mtu. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba gari lililosagwa namba huhesabiwa kuwa la wizi mpaka ithibitike vinginevyo, kwamba litabaki palepale, na kwamba barua itaandikwa makao makuu, ambako watu hujibu siku wanayojisikia. Daktari akasema kesho alfajiri ana ng'ombe wa kutibu. Mkaguzi akasema pole sana, na ilisikika kwamba pole ile ilikuwa ya kweli. Kisha akauliza ni nani aliyesaga.

Mzee Kioo alifungua mdomo. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu. Lakini nyuma yake lilisubiri swali, fundi wa miaka arobaini ilikuwaje asiione namba, na jibu la swali hilo lilikuwa moja, nalo lingemtoa gereji siku hiyohiyo.

"Ni mimi," alisema Taratibu.

Mkaguzi akaandika jina lake, gereji yake, simu yake, na siku ya kwenda polisi kutoa maelezo. Mzee Kioo alisimama akiisikiliza kalamu. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima aliyemwacha mwanawe abebe mzigo wake hadharani. Angeweza kusema hata wakati ule, kabla ukurasa haujafunuliwa. Hakusema.

Wiki zilizofuata alijaribu kuungama. Mara ya kwanza alimfuata mkwe wake aliyekuwa amelala chini ya gari, akaanza, mwanangu, ile namba. Taratibu alimjibu kutoka chini kwamba yamepita, baba, maji yakimwagika hayazoleki. Hayakuwa yamepita. Polisi walikwisha kuja mara mbili kupekua gereji, kabati kwa kabati, wakiuliza ni magari mangapi mengine yamesagwa hapo. Wateja wawili walikuja kuyachukua magari yao hata injini hazijafungwa, wakayavuta kwa kamba. Mara ya pili alimwendea binti yake akifua, akamwambia mumeo ameonewa. Binti akasema najua, baba, usijitese, presha itakupanda. Kila alikobisha alifunguliwa kwa huruma, na kila alipofunguliwa maneno yalimwishia mlangoni. Usiku alijipangia namna ya kusema, asubuhi akahesabu hatua kumi na nne, akashika msasa.

Siku ya ishirini na mbili tangu gari lizuiwe, Daktari alifika kwa pikipiki ya kukodi, akinuka zizi. Hakugombana. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote ndipo akasimulia. Juzi aliitwa kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, ndama amekaa vibaya. Kwa gari lake angefika nusu saa. Kwa kutafuta pikipiki, na kuisukuma penye matope, alifika baada ya saa tatu, na ng'ombe alikuwa ameshakufa, ndama yumo tumboni. Alikuwa wa mama mmoja mwenye watoto wanne, ng'ombe wa maziwa, naye ndiye huyo huyo, hana mwingine. Yule mama hakulia, Daktari alisema. Alimshukuru kwa kuja.

"Sikuja kukulaumu," akamaliza. "Lakini Taratibu, mtu kama wewe, inakuwaje?"

Spana ya Taratibu ilisikika ikiwekwa mezani. Mzee Kioo akainuka kutoka kwenye ndoo yake.

"Si yeye. Mimi ndiye niliyesaga."

Mzee Kioo akahisi mkono wa Daktari begani. "Mzee, wewe una moyo. Ningekuwa na baba mkwe wa kunisimamia hivi, leo ningekuwa mbali."

"Nasema kweli. Mimi sioni, Daktari. Nilipapasa nikadhani ni kutu."

"Sote tunaelekea huko. Mimi mwenyewe gazeti nalisoma mkono ukiwa umenyooka." Akacheka, kicheko chema cha mtu aliyeguswa. "Mzee Kioo asage namba ya chesi! Hata yule mkaguzi ukimwambia atakataa."

Mzee Kioo alitaka kumkamata shati amtikise. Maneno aliyoyafungia miaka miwili alikuwa ameyatoa, yako hewani mbele ya watu, na hakuna aliyeyachukua. Alisema tena, sioni, kwa sauti iliyopasuka kidogo, na Daktari akampapasa bega tena, akasema najua, mzee, najua, inauma. Miaka arobaini alikuwa amewaambia watu kwamba mkono wake haukosei. Walikuwa wamemwamini. Daktari akaaga, akamwambia Taratibu kwamba ana bahati ya mkwe, akapanda pikipiki na kuondoka.

Fundi umeme akazima redio. Mzee Kioo aligeuza kichwa polepole, akitafuta, mpaka uso wa Taratibu ukaingia katika kile kitundu chake kidogo cha kuonea. Macho ya mkwe wake yalikuwa yamemwelekea yeye, wazi, hayakushuka wala hayakwenda pembeni. Yalikuwa yamelowa. Hawakuwahi kutazamana hivyo tangu siku ya posa.

"Twende nyumbani, baba," alisema Taratibu. "Leo tumechoka."

Jioni binti alimletea chai. Siku zote alikiweka kikombe mezani, akasema chai hiyo baba, akaendelea na shughuli zake. Jioni hiyo alimshika mkono, akavizungusha vidole vyake kwenye kikombe, kimoja kimoja, akasubiri ahakikishe kimeshikwa. Mzee Kioo aliinywa chai yote ingawa sukari ilisahauliwa.

Hakulala vizuri. Alijua kesho yake atakavyoambiwa, apumzike, amefanya kazi ya kutosha, na alijiandaa kukubali bila kuwatia watu taabu. Lakini asubuhi Taratibu alikuwa mlangoni anamngoja kama kawaida, na njiani alizungumza habari za mvua. Mzee Kioo alitembea akiwa mwepesi, hakuhesabu hatua. Alithubutu kufikiri kwamba pengine inawezekana, pengine mtu anaweza kujulikana na bado akawa fundi.

Walimwekea kazi upande wa kivulini, mbali kidogo na kompresa. Ulikuwa mlango wa gari, umelazwa juu ya vigoda viwili, na kando yake ndoo ya maji na msasa, vyote karibu na mkono. Mtu alikuwa amemletea na kiti chenye mto.

"Wa gari gani huu?" aliuliza.

"La mteja mmoja, baba," alisema Taratibu. "Hana haraka."

Miaka arobaini Mzee Kioo alikuwa hajakutana na mteja asiye na haraka. Aliweka kiganja juu ya bati akakipitisha toka bawaba hadi kitasa. Hapakuwa na bonde. Hapakuwa na kovu la nyundo, wala ukingo wa puti, wala chembe ya kutu. Mlango ulikwisha kunyooshwa na kusuguliwa kwa msasa laini kuliko ule aliowekewa, tena na mtu aliyejua kazi, na chini kabisa, karibu na ukingo, bado palikuwa na unyevu wa maji aliyoyatumia. Alikaa na mkono pale kwa muda. Upande wa pili wa gereji mafundi waliongea kwa sauti ya chini, kama watu walio nyumbani penye mgonjwa.

Angeweza kuuweka chini ule msasa, akawaambia anaelewa. Nao wangeinamisha vichwa, na angerudishwa nyumbani. Aliuchovya msasa kwenye maji, akaukunja mara tatu, akaanza kusugua, kwa duara ndogondogo, kuanzia juu.

Baadaye Taratibu alipita, akasimama nyuma yake.

"Mlango unakuja vizuri, baba."

"Bado kidogo," alisema Mzee Kioo.